Kaombe chumvi kwa jirani

Kuna hii imani sijui ilianzia wapi kwamba upweke ni ugonjwa wa Wazungu. Kwamba sisi huku tuna mashangazi, tuna binamu wa binamu, tuna harusi kila wikiendi na kanisa na msikiti, kwahiyo mtu akisema anajisikia mpweke huyo anadeka tu au kazidisha tamthilia. Kuna siku kwenye daladala mzee mmoja alikuwa anasimulia kwamba Waingereza wameteua mpaka waziri wa upweke, gari zima likacheka, konda mwenyewe akasahau kudai nauli. Na ni kweli waliteua, mwaka 2018, Japan nao wakafata 2021. Inachekesha kidogo, sikatai.

Sasa mwaka 2025 Shirika la Afya Duniani likatoa ripoti ya tume yake iliyokuwa inaangalia mambo haya haya, tume yenye wenyeviti wawili na mmoja wao ni Chido Mpemba, dada wa Kizimbabwe aliyekuwa mjumbe wa vijana wa Umoja wa Afrika. Wakasema mtu mmoja kati ya sita duniani anaishi na upweke. Hiyo haikunishtua sana. Kilichonifanya niweke simu chini ni pale waliposema kwenye nchi za kipato cha chini wanaojisikia wapweke ni kama asilimia 24 na kwenye nchi tajiri ni kama 11. Mara mbili na zaidi. Sisi wenye mashangazi. (Najua Tanzania tangu 2020 tunahesabiwa kipato cha kati, tena cha kati cha chini, msinianze, mnajua namaanisha nini.)

Mi naishi Dodoma, nilihamia kikazi kutoka Dar, kwetu kabisa ni Lushoto. Na nawaambia hivi, ukitaka kuona upweke wa Kitanzania ulivo usiende kijijini na wala usihangaike na Kariakoo, njoo hapa. Huu mji ulipitishwa kuwa makao makuu mwaka 1973, ukakaa miaka zaidi ya arobaini watu wanausema tu, Bunge likija nyumba za wageni zinajaa na bei ya kuku inapanda, Bunge likiisha mji unalala. Alafu 2016 Magufuli akasema sasa serikali inahamia, na safari hii watu tukahama kweli. Sensa ya 2012 ilikuta Dodoma mjini watu kama 411,000, sensa ya 2022 ikakuta zaidi ya 765,000. Ndani ya miaka kumi. Watoto waliozaliwa wamo, sawa, ila ndani yake tumo wengi tuliokuja watu wazima tayari, na begi na barua ya uhamisho, mtu hana shangazi hapa, hana aliyesoma nae shule ya msingi, hajui hata makaburi ya mtaani yako upande gani.

Zunguka siku moja Ilazo, Kisasa, Nzuguni, Iyumbu. Fensi imezidi urefu wa mtu, geti jeusi, juu waya. Saa moja usiku gari inapiga honi, geti linafunguliwa, gari inaingia, geti linafungwa, taa ya nje inawaka, imeisha hiyo. Nna jamaa yangu kakaa Iyumbu muda sasa, jirani yake wa ukuta kwa ukuta anamjua kwa namba ya gari, akimsimulia anasema "yule wa DZK". Wana miaka wanasikilizana jenereta tu.

Alafu kuna Ijumaa. Tangu treni ya SGR ianze kufika Dodoma mwaka 2024, nenda stesheni Ijumaa jioni utadhani mji unahamwa. Familia zilibaki Dar, mke ana kazi yake, watoto wako darasa la mtihani, nyumba ya Kigamboni ndo kwanza imepauliwa, kwahiyo baba anaishi Dodoma Jumatatu mpaka Ijumaa na roho iko Dar wiki nzima. Mi maoni yangu treni imetuokoa na imetuharibu kwa pamoja. Zamani basi lilikuwa linakula siku nzima njiani, ukipiga hesabu unaona bora nibaki, na ukibaki Jumamosi utafanya nini, unaenda mnadani Msalato kula nyama, unakutana na watu, unapigwa utani, unarudi na jina jipya. Siku hizi masaa matatu na kitu umefika Dar. Jumapili usiku wanarudi na vikontena vya chakula kutoka kwa mke, vinapangwa friza, na Jumanne usiku mtu mzima mwenye cheo chake anapasha pilau la Jumapili analila amesimama jikoni huku anasogeza simu kwa kidole gumba. Nawajua wengi. Ukimuuliza vipi Dodoma anakwambia "pako poa, pametulia".

Nilisoma kuhusu jaribio moja la watafiti wa MIT kule Marekani, lilitoka 2020. Walichukua watu 40, siku moja wakawaweka chumbani masaa 10 bila kuona mtu, bila simu, bila mitandao. Siku nyingine watu hao hao wakanyimwa chakula masaa 10. Alafu kila mara wakawapima ubongo huku wanawaonyesha picha. Mtu mwenye njaa akionyeshwa chakula kuna sehemu katikati ya ubongo inachangamka, na mtu aliyefungiwa peke yake akionyeshwa picha za watu wako pamoja wanacheka, inachangamka sehemu ile ile. Masaa kumi tu. Kuna profesa wa Chicago, John Cacioppo, yeye alikuwa anasema hivyo miaka mingi kabla, kwamba upweke ni kengele ya mwili, upo kundi moja na njaa na kiu, uliwekwa ili ukutoe ulipo ukatafute watu kwa sababu binadamu wa zamani akibaki mwenyewe porini hamalizi wiki. Kwahiyo upweke sio udhaifu wa tabia wala upungufu wa sala. Yule mzee wa daladala angeambiwa kuna mtu ana njaa asingecheka.

Na inaua, hilo nalo lishapimwa. Mwaka 2010 Julianne Holt-Lunstad na wenzake walikusanya tafiti 148 zenye watu zaidi ya laki tatu, wakakuta wenye mahusiano imara na watu walikuwa na nafasi ya kuendelea kuishi kubwa kwa asilimia 50 kuliko wasionayo.

Ila msinielewe vibaya. Kukaa peke yako ni kitu kingine na mi nakipenda sana. Nimekulia nyumba ya watu wengi, kitanda watu watatu, hata kuoga unagongewa mlango, kwahiyo siku ya kwanza nilivofunga mlango wa chumba changu mwenyewe hapa Dodoma nilikaa chini sakafuni nikacheka. Mji huu una majabali kila upande, ukipanda moja jioni ule upepo wa mwezi wa saba unakupiga mpaka machozi yanatoka na hakuna mtu anakuuliza chochote, raha yake siwezi kuielezea. Tofauti ni nani kaamua. Umoja wa Mataifa kwenye zile kanuni za wafungwa zilizopewa jina la Mandela, za 2015, wamekataza kumfungia mfungwa peke yake zaidi ya siku 15 mfululizo. Siku 15 ndo mpaka, zaidi ya hapo wanahesabu ni mateso. Mi nawajua watu wako kwenye nyumba ya masta mbili, tailizi mpaka nje, na hizo siku 15 za bila mazungumzo ya maana na mtu wamezipita kitambo. Funguo wanazo wenyewe mfukoni.

Wengi wakiambiwa haya wanasema mbona marafiki ninao. Na ni kweli wanao. Grupu la sekondari, grupu la chuo, la ukoo, la kwaya, la idara, la harusi ya mtu ambae alishaachana na mkewe ila grupu lipo. Kinachokosekana sio rafiki wa kumweleza siri. Kinachokosekana ni mtu ambae asubuhi akiona dirisha lako halijafunguliwa atajiuliza. Mama wa genge anaekuwekea nyanya ngumu kwa sababu anajua unapika usiku, boda wa kijiweni anaekukatalia kukupandisha umelewa, fundi viatu, mlinzi wa nyumba ya pili. Wasomi wana jina la hayo mahusiano, wanayaita mahusiano dhaifu, aliyeanza kuyaandikia vizuri ni Mark Granovetter mwaka 1973 (mwaka ule ule wa Dodoma, nimependa hiyo), na kuna utafiti wa 2014 wa Gillian Sandstrom na Elizabeth Dunn uliokuta kwamba siku ambazo mtu kaongea na hawa watu wa juujuu wengi kuliko kawaida yake ndo siku anazojisikia vizuri zaidi. Dhaifu ni jina baya lakini sina lingine.

Sasa unawapataje? Hapo ndo nataka nikae kidogo.

Nilikuwa nimepanga Nkuhungu, chumba na sebule, nyumba ya wapangaji. Pembeni yetu kuna mama mtu mzima wa Kigogo anauza mlenda wa kukausha na karanga hapo hapo mlangoni kwake, kwenye meza ya mbao yenye mguu mmoja umefungwa kwa raba. Nilikuwa namsalimia vizuri tu, shikamoo mama, marahaba mwanangu, napita. Hata mbukwa, salamu ya Kigogo, nilishajifunza, nikisema mbukwa ananijibu na wajukuu wanacheka matamshi yangu ya Kisambaa. Mwaka mpya nilimpelekea kilo mbili za sukari. Alipokea kwa mikono miwili, akashukuru sana, akanibariki, na kesho yake tukaendelea na shikamoo marahaba, hakuna kilichosogea.

Usiku mmoja wa baridi nasonga ugali, gesi ikakata. Maji yalikuwa yamechemka, unga nimeweka nusu, yani ule mda ambao sio uji na sio ugali. Muuza gesi simu haipatikani. Nikakaa pale na mwiko. Alafu nikafunga sufuria na taulo nikatoka nayo hivyo hivyo.

"Hodi mama."

"Karibu mwanangu. Mbona na sufuria?"

Nikamweleza. Akafunua, akatazama, akamwita mjukuu nae aje atazame. "Huyu anasema huu ni ugali." Wakacheka wee. Akaibandika kwenye jiko lake la mkaa lililokuwa linaelekea kuzima, akapepea na kipande cha ndoo, akaongeza unga wake wa mtama kwenye wa kwangu wa sembe bila kuniuliza, akaukandamiza ule mwiko kwa mikono miwili mpaka jiko likawa linatembea, mjukuu akashika sufuria kwa kitambaa. Ukatoka ugali wa rangi mbili, una michirizi ya kahawia ndani. Akaniuliza mboga nini. Nikasema maharage, ya kopo. Akanyamaza kwanza. Alafu akachukua bakuli la bati lenye maua akanijazia mlenda wa karanga, akafunika na sahani, akasema bakuli utaleta.

Bakuli la mtu halirudi tupu, hilo hata Lushoto tunalijua. Likakaa kwangu mpaka nilipotumiwa mzigo wa mapeasi kutoka nyumbani, nikaliweka mapeasi nikalirudisha. Likaja tena na ubuyu. Likaenda na mchele. Katikati hapo mjukuu akaanza kuja na daftari la hesabu, mama mwenyewe akaanza kunitumia nimsomee meseji za hela kwenye simu maana macho yake hayaoni maandishi madogo na hapendi kumpa kila mtu simu yenye hela, na mi nguo zangu zikikauka mvua ikija nakuta zishaanuliwa zimekunjwa juu ya kiti chake. Siku nimeumwa malaria nilisikia mlango unagongwa kabla sijamwambia mtu yeyote kwamba naumwa. "Nimeona hujapita."

Sukari yangu ya mwaka mpya haikufanya hayo. Nimeifikiria sana hii. Ukimpelekea mtu zawadi bila kuwa na shida nae, unabaki wewe mwenye nacho na yeye mpokeaji, anakushukuru na anakuheshimu na anabaki mbali. Ukienda na sufuria imekushinda umempa nafasi ya kukuzidi kitu, na kila mtu anahitaji kumzidi mwenzake kitu hata kama ni kusonga ugali. Baada ya hapo kuna deni, na lile deni likilipwa linalipwa na chenji juu, kwahiyo halifungi hesabu hata siku moja. Mi nadhani ujirani ni hizo hesabu zisizofungwa. Watu wa benki mnisamehe.

Kinachotuzuia tunaogopa kusumbua. Kuna watafiti wawili, Francis Flynn na Vanessa Bohns, walitoa utafiti mwaka 2008, waliwatuma watu wakaombe msaada kwa watu wasiowajua, jaza fomu, niazime simu, nisindikize mahali, na kabla hawajaenda wakawauliza mnadhani itabidi muombe wangapi ndo wakubali idadi fulani. Wakakadiria watakataliwa sana. Walivoenda, watu wakakubali kirahisi kuliko walivodhani, na tofauti haikuwa ndogo. Yani vichwani mwetu tumewajaza majirani roho mbaya ambayo hawana.

Na pesa imetumaliza. Mshahara ukipanda kidogo kitu cha kwanza unanunua ni kutomhitaji mtu. Unanunua ngazi yako, pasi yako, jembe lako, simtank lako la lita elfu mbili, chakula unaoda, gesi unapiga simu. Mtaa mmoja una ngazi kumi na zote hazina kazi siku mia tatu za mwaka. Wazee walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, na sisi tunausoma ule msemo kwamba ni kumfukuza mgeni kiaina. Mi siku hizi nausoma vingine, mgeni aliyepewa jembe ndo huyo kashakuwa wa nyumbani, aliyeachwa akae kwenye kochi aletewe soda ndo bado mgeni. Dodoma tumejaa tuliokaa kwenye makochi yetu miaka.

Hapa najua watani washaanza. Kaka kahamia Ugogoni juzi tu kashafundishwa kuomba! Haya chekeni, utani wa Mgogo na kuomba tumeukuta na tutauacha. Ila hebu angalieni hii nchi ilivo kabla ya kucheka. Mvua ni msimu mmoja, Desemba mpaka Aprili hivi, mwaka mbaya inanyesha kidogo mwanzoni alafu inakata mtama ukiwa magotini. Mwishoni mwa vita ya kwanza ya dunia, majeshi ya Wajerumani na Waingereza yalipokuwa yameshapita yamechukua ng'ombe na nafaka na wanaume wa kubeba mizigo, mvua nazo zikakataa, ikaja njaa iliyoitwa Mtunya, miaka ya 1917 mpaka 1920, wazee wa Kigogo walikuwa wanahesabia miaka kwayo. Watu wa nchi ya namna hiyo wanajifunza mapema kwamba hakuna anaejitosheleza. Ndo maana Mgogo wa zamani mwenye ng'ombe wengi alikuwa hawaweki wote zizi moja. Anawagawa, hawa kwa shemeji upande ule, hawa kwa rafiki Bahi huko, anaetunza anakunywa maziwa na ng'ombe wanabaki wa mwenyewe. Ugonjwa ukiingia zizi moja hujafilisika, mvua ikinyesha upande mmoja kuna ng'ombe wako wanakula. Na zaidi ya ng'ombe, umeshakuwa na nyumba tano sita ambazo huwezi kufika ukaonekana mgeni. Hiyo ilikuwa bima, na iliendeshwa na watu kuwa na vya watu. Anaecheka kuomba kwa Mgogo mara nyingi ni mtu anaetoka sehemu mvua haijawahi kumkatalia, sisi wa Usambaa tukiwemo.

Naomba niseme pia kuna hali ambazo chumvi ya jirani haiwezi. Mtu kashafika pale ambapo hata kusimama aende kugonga mlango hawezi, halali, hali, anaona bora asiwepo. Hapa Dodoma ukifungua mdomo tu kwamba kichwa hakiko sawa utasikia "tukupeleke Mirembe?" na watu wanacheka, hospitali ya magonjwa ya akili imegeuzwa tusi, matokeo yake mtu mwenye hospitali umbali wa bajaji moja anakufa nayo moyoni. Jamani ile ni hospitali, watu wanaenda wanatibiwa wanarudi kazini. Na napenda sana walichofanya Zimbabwe, daktari wa akili anaitwa Dixon Chibanda alianza 2006 pale Mbare, Harare, na kina bibi 14. Madaktari wa akili nchi nzima walikuwa wa kuhesabu, kwahiyo akawafundisha mabibi wa mtaani kusikiliza kwa utaratibu, wakawekewa benchi la mbao nje ya kliniki chini ya mti, mtu anakuja anakaa na bibi anasema yake. Mwaka 2016 matokeo yakachapishwa kwenye jarida kubwa la madaktari Marekani, waliokaa na mabibi walikuwa na nafuu kubwa kuliko waliopata huduma ya kawaida. Mabibi. Sisi tunao wamejaa, wako kwenye meza za karanga, na hatuwaulizi kitu zaidi ya bei.

Sehemu ambayo huu mji utakusuta ni msiba. Hapo ndo hesabu zote zinafunguliwa. Mtaani kwetu alifariki mama wa mtumishi mmoja aliyekuwa amejenga nyumba nzuri tu ya kona, mama alikuwa amekuja kutibiwa akafia hapo. Mjumbe akaarifiwa, akapita kuambia watu, na swali la kwanza kila nyumba aliyoingia lilikuwa moja, "huyo ndo nani?" Geti la kijani. Aaah, geti la kijani. Basi maturubai yakafungwa na kampuni, viti vya kampuni, chakula cha kampuni, watu wa ofisini wakaja na basi na sare na shada, wakakaa masaa mawili wakasimama. Usiku ndo nilimwonea huruma. Msiba wa kwetu usiku ndo msiba, watu wanalala kwenye mikeka, kina mama wako nyuma na masufuria wanabishana chumvi imetosha au haijatosha, wanaume wanacheza karata na kudanganyana habari za mpira, mfiwa hata akitaka kukaa peke yake alie kuna mtu atamletea chai. Pale kulikuwa na viti vyeupe vingi vitupu na jenereta. Mwisho wa siku yule mama wa mlenda ndo alivuka barabara na khanga zake mbili na wenzake watatu, hawajaalikwa na hawakuuliza, wakakaa chini kwenye kibaraza. Mfiwa hakujua awaambie nini. Wakamwambia tuonyeshe jiko liko wapi.

Kuna waliolalamika baadae kwenye kikundi chetu cha kufa na kuzikana kwamba kwanini tumeenda kwa mtu ambae jina lake halipo kwenye daftari, hajawahi kutoa hata mia, hajawahi kuonekana kwa mtu. Na wana hoja, daftari ndo linashikilia kila kitu, likilegea kila mtu atasubiri afiwe ndo awe jirani. Mama mmoja akasema maiti haina daftari. Mwingine akajibu ila sufuria zina mwenyewe. Ilikuwa kelele mpaka saa tatu usiku na mi nilifurahi sana kuwepo, sijui kama mnanielewa, miaka yote ile ya kupasha pilau sijawahi kuwa sehemu ambayo watu wanagombana kuhusu nani ni wetu.

Jamaa wa geti la kijani kajiunga. Alikuja mwenyewe kikaoni baada ya arobaini, akasimama akashukuru kwa hotuba ndefu ya kiofisi, alafu akasema anataka kuchangia laki tano kwa mkupuo. Mwenyekiti, ambae ni fundi baiskeli, akamwambia hapana kaka, hapa ni elfu mbili kwa mwezi kwa kila mtu, na kwa vile wewe una pikapu utakuwa unabeba sufuria na maturubai. Akakubali. Mi wamenipa ukatibu kwa sababu eti nina mwandiko. Jumapili hii tunakutana saa kumi kwa mjumbe, ajenda ni turubai la kaskazini limechanika na nani alikuwa nalo mara ya mwisho, na tayari kuna watu wawili hawasalimiani.